Kabla Hujawasha Jiko la Peleti, Litengenezee Pa Kukaa

Haya, wadogo zangu wa Maine, baridi inabisha hodi. Najua kuna aliyenunua nyumba Lewiston akakuta nafasi ya jiko la peleti sebuleni, na kuna ambaye shemeji ameshaleta la mitumba, liko gereji linasubiri Jumamosi. Mwambie asubiri kidogo. Jiko lile haliwekwi juu ya sakafu ya mbao au zulia hivi hivi. Linataka jukwaa la kitu kisichoshika moto, na jukwaa hilo mnaweza kulitengeneza wenyewe.

Kwetu kaa likidondoka kutoka mafigani linaangukia udongo, mtu analisukuma kwa kijiti na mazungumzo yanaendelea. Nyumba za huku sakafu ni mbao, chini ya mbao kuna mbao nyingine, na ukutani ni mbao vilevile. Peleti zenyewe ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa punje, na kwa kuwa moto umefungiwa nyuma ya kioo, watu hulichukulia jiko hili kama redio ya sebuleni. Hatari inakuja unapofungua mlango kusafisha. Jivu linalomwagika huonekana limekufa, kumbe ndani yake kuna kaa hai dogo kama punje ya mtama.

Kitabu cha maelekezo ndicho kinachoamua jukwaa liweje. Kama jiko la mitumba limekuja bila kitabu, angalia kibati kilichobandikwa nyuma au ubavuni, chukua jina na namba ya modeli, utakipata intaneti. Humo tafuta kama sakafu inahitaji kinga ya cheche tu, au kinga ya joto pia. Majiko mengi ya peleti yanataka kinga ya cheche, na hapo vigae juu ya ubao wa saruji vinatosha. Lakini ukiona kimetaja herufi R na namba, hicho ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto, na matabaka yako yakijumlishwa lazima yafikie namba hiyo. Kigae peke yake hakifiki. Na tafadhali, usinakili jukwaa la jirani. Jiko lake si lako.

Kitabu hichohicho kitakupa vipimo. Tuseme jiko lina upana wa inchi 24 na kitabu kinataka inchi 6 kila upande: jukwaa ni inchi 36. Kwenda mbele na nyuma fanya hivyohivyo, na usisahau nafasi ya kati ya jiko na ukuta. Sasa mtu atafurahi, vigae vitatu vya inchi 12 si ni 36 kamili? Hapana, mdogo wangu, kuna mistari ya grauti katikati, na kigae kilichoandikwa 12 kwenye boksi si lazima kiwe 12 ukikipima. Panga vigae vyote vikavu sakafuni, acha nafasi za grauti, pima ulichokipata, ndipo ukate plaiwudi. Ukianza na plaiwudi utashinda unakata vipande vyembamba vya pembeni, na vitakuudhi kila ukikaa kwenye kochi.

Chini weka plaiwudi ya robo tatu ya inchi. Juu yake ubao wa saruji wa nusu inchi, uliopakwa gundi ya vigae chini yake na kukazwa kwa skrubu zake maalumu. Kisha gundi tena, ukiitandaza kwa mwiko wenye meno, na vigae juu. Bandika kimoja, kibandue uangalie mgongo wake: kama gundi haijashika kote, ongeza. Kigae chenye uwazi chini kitapasuka, maana majiko mengi haya yanapita kilo 100. Weka pima maji mara kwa mara. Gundi ikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, jaza grauti bila kuacha tundu, kwa sababu cheche haihitaji mlango mpana. Rangi chagua mwenyewe, ila nyeupe utaijutia kila ukimwaga jivu.

Jambo linalosahaulika sana: jukwaa linaliinua jiko kama inchi moja na nusu hivi. Kama tundu la bomba la moshi lilishatobolewa ukutani, tundu na jiko havitakutana tena. Jukwaa kwanza, tundu baadaye. Siku ya kulipandisha jiko, toeni peleti zote, tandikeni blanketi, na awepo mtu mwingine mwenye nguvu. Shemeji akisema anaweza peke yake, usimsikilize.

Majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje, mbali na baraza ya mbao. Kengele ya kaboni monoksaidi iwe inafanya kazi. Mpangaji aombe ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Mwenye nyumba aijulishe kampuni yake ya bima, aulize na ofisi ya mji kuhusu kibali na ukaguzi. Kama Kiingereza kinakukwamisha, nenda na mwanao au jirani akutafsirie, hakuna aibu hapo. Piga simu hizo wiki hii, kabla hujanunua hata kigae kimoja.