Mboga za Masika kwa Miezi ya Kiangazi

Somo letu la jikoni safari hii lahusu mboga, nasi twawaomba akina baba pia walisome, kwa maana wao nao hula.

Katika nchi ya Dodoma mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Huanza karibu na Desemba na kukoma yapata Aprili, na katika miezi hiyo michache bustani hutoa kuliko tunavyoweza kula. Mlenda huota hata kando ya njia, kunde hutambaa, majani ya maboga hukosa wa kuyachuma, na nyanya huuzwa ndoo nzima kwa bei ya kutupa. Kisha ifikapo Septemba mama wa nyumbani huzunguka soko akitafuta fungu moja la mchicha, na watoto hula ugali kwa kitoweo kile kile siku baada ya siku. Mtoto akikosa majani ya kijani na matunda ya rangi ya manjano kwa muda mrefu hupungukiwa na vitamini A. Macho yake huanza kushindwa kuona wakati wa giza la jioni, na maradhi humshika kwa urahisi. Kwa hiyo jambo hili si la kupendeza ulimi tu.

Wazee wa Ugogo walilijua zamani. Walianika majani juu ya mwamba au juu ya paa la tembe, wakaweka akiba ya kiangazi. Siku hizi wako vijana wanaodhani kwamba mboga kavu ni chakula cha dhiki. Sisi hatukubaliani nao. Katika njia zote za kuhifadhi, kukausha ndiko rahisi kuliko zote: hakuhitaji sukari, wala chupa, wala gunia la mkaa. Ila yako mambo mawili yanayoweza kutengenezwa zaidi.

La kwanza ni jua. Jua kali likiyapiga majani moja kwa moja huharibu sehemu kubwa ya vitamini zake. Yaanikwe kivulini penye upepo, au yafunikwe kwa kitambaa chembamba cheusi, ambacho huzuia pia nzi na vumbi. La pili ni maji ya moto. Chuma majani asubuhi, chagua yaliyo mazima, osha mchanga wote, katakata. Yafunge katika kitambaa safi uyachovye ndani ya sufuria ya maji yanayochemka kwa kububujika, muda wa dakika 2 au 3, si zaidi. Toa, yamwagie maji baridi safi, yang'ute vizuri. Kazi hii ndogo hufanya rangi ibaki kijani na vitamini zikae muda mrefu zaidi. Kisha yatandaze juu ya ungo au mkeka ulioinuliwa kutoka chini, yasilaliane. Yageuze mara kwa mara, na jioni yaingize ndani kabla ya umande.

Yamekauka lini? Yashike mkononi: yakivunjika kama karatasi kavu, tayari. Yakikunjika bila kuvunjika bado yana maji, na ukiyafunga hivyo yataota ukungu. Usishangae ukiona kikapu kizima kimekuwa konzi chache tu, maana sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Weka katika debe au chupa yenye kifuniko cha kubana, mahali penye giza, ukiandika mwezi juu yake.

Kisamvu hakimo katika maelezo haya. Kina sumu yake, nacho lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri. Kuchovya kwa dakika 3 hakutoshi.

Sasa nyanya. Waweza kuzikata vipande vyembamba na kuzianika kama majani, nazo hufaa sana katika mchuzi. Lakini wengi hutuuliza habari za kuzitia katika chupa, na hapa twaomba usomaji wa makini, kwa sababu hatari yake ni kubwa. Udongoni yumo kijidudu ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Akikaa ndani ya chupa iliyofungwa, pasipo hewa na pasipo uchachu, hutoa sumu inayopoozesha mwili hata mtu akashindwa kuvuta pumzi. Chakula hicho chaweza kutokuwa na harufu mbaya wala rangi ya ajabu. Uchachu ndio unaomzuia, na nyanya nyingine hazina uchachu wa kutosha.

Basi, chukua nyanya nzima zilizoiva, zisizooza. Zichovye katika maji ya moto mpaka ngozi ipasuke, zimenye, ziponde, uzichemshe dakika 5. Katika kila chupa ya nusu lita, iliyooshwa na ingali ya moto, tia kwanza vijiko 2 vya mezani vya siki yenye nguvu ya asilimia 5 (soma karatasi iliyobandikwa), au robo kijiko cha chai ya unga wa asidi ya sitriki. Ndimu za shambani hazilingani kwa uchachu, kwa hiyo hatuzitegemei. Jaza nyanya, acha nafasi ya sentimita moja na kitu, pangusa mdomo, funga kwa kifuniko kipya chenye mpira. Panga chupa katika sufuria kubwa juu ya kitambaa, maji yazifunike kabisa, yachemke. Pwani dakika 35 zatosha. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,000, ambako maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, kwa hiyo hesabu dakika 45 tangu yaanze kububujika. Chupa ikipoa, bonyeza kifuniko katikati. Kikicheza, haikufunga, nyanya hizo zitumike siku hiyo.

Maharage mabichi, mchicha, mahindi na nyama visitiwe katika chupa kwa njia hii kabisa, hata ukichemsha kutwa. Vikaushwe.

Mkaa wa kuchemshia chupa nao una bei yake. Kwa nyumba nyingi, twaona, chupa chache za nyanya na madebe mawili ya mboga kavu ni mpango mzuri kuliko kabati la chupa.

Ukiona ukungu juu ya akiba, itupe yote, wala usikate sehemu iliyooza na kula iliyobaki. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu wapatao 20 walifariki kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi yao, na mahindi hayo yalikuwa chakula cha kila siku nyumbani.

Siku ya kupika, roweka mboga kavu katika maji safi kidogo, na maji hayo uyapikie. Tia karanga zilizotwangwa au mafuta, kwa sababu bila mafuta mwili haupokei vizuri ile vitamini A.

Mwezi ujao, maembe na achari.