CEA ya chini, saratani kali

SWALI: Kaka yangu ana miaka 34. Kipimo cha kinyama kimeonyesha saratani ya puru yenye seli za umbo la pete, lakini CEA yake (alama ya saratani inayopimwa kwenye damu) ni 2.1 tu. Maabara imekosea?

JIBU: Si lazima. Aina hii, takriban 1% ya saratani za utumbo mpana na puru, huwapata vijana zaidi kuliko aina nyingine. Seli zake hujaa ute unaosukuma kiini pembeni, na baadhi ya uvimbe hautoi CEA ya kutosha kuonekana kwenye damu. Kinyama ndicho kinachoamua, si CEA. Hata uvutaji wa sigara huweza kuipandisha CEA. CA 19-9, alama nyingine ya damu, nayo si mwokozi: wapo watu ambao kwa kurithi hawaitengenezi kabisa.

Kama CEA ilikuwa ya kawaida kabla ya matibabu, msiitegemee peke yake baadaye. Ulizeni MRI ya nyonga na CT ya kifua na tumbo. Saratani hii hupenda utando wa tumbo, na vipele vidogo vya huko CT huweza kuvikosa. Tena, kinyama kipimwe MSI (hitilafu ya urekebishaji wa DNA kwenye uvimbe): jibu laweza kufungua njia ya tiba ya kinga, na kwenu nyinyi ndugu, kuashiria haja ya uchunguzi wa saratani ya kurithi.