Njia ya Maji Kwanza: Mwongozo wa Kupanga Mitaro ya Mvua Wilayani Kilwa

Utangulizi

Msafiri Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331, alisimulia kuwa mvua zake ni nyingi. Nasi tuishio leo katika pwani ya Lindi tunao ushahidi ulio karibu zaidi, kwani Januari 2020 mafuriko yaliondoa roho za wenzetu na kuwahamisha maelfu ya watu, na Mei 2024 mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu iendayo Dar es Salaam pale Somanga. Mvua ni rehema ya Mola; madhara yake huzidi pale binadamu anapotangulia kujenga kabla hajaijua njia ya maji.

Sababu ya kupanga sasa

Kilwa Masoko inapanuka, ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa mwaka 2023, na kila paa la bati na kila ua uliosakafiwa huzuia ardhi isinywe maji, ambayo hayana budi kumwendea jirani aliye bondeni. Hata mawe ya wahenga hayakusalimika: magofu ya Kilwa Kisiwani yalipotiwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, mmomonyoko wa maji ya mvua katika ukingo wa kasri la Husuni Kubwa ulikuwa miongoni mwa sababu.

Taratibu za kufuata

1. Makorongo na mikondo yote ichorwe katika ramani kabla viwanja havijapimwa, na wazee waulizwe maji yalifika wapi miaka ya gharika.

2. Ujenzi wa mtaro uanzie mwisho wake, yaani penye kutokea maji, kisha upande juu; kwani mtaro usio na mahali pa kumwaga huhamisha mafuriko tu.

3. Katika miji ya ufukoni kama Kilwa Kivinje, mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari huyazuia maji ya mtaro. Kwa hiyo yatengwe mabwawa ya kuyahifadhi hadi maji kupwa, na mikoko iachwe isimame.

4. Shughuli za kudumu zisifanywe ndani ya mita 60 za kingo za mito, kama inavyoamrisha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004.

5. Mitaro na makalavati yazibuliwe kabla ya masika, wala taka zisitupwe humo.

Wajibu wetu

Barabara kuu na mitaro yake ni amana ya wakala wa barabara TANROADS, na za wilaya na vijiji ni ya wakala wa TARURA, iliyoundwa mwaka 2017. Lakini idhini ya matumizi ya ardhi ya kijiji hupita katika mkutano mkuu wa wanakijiji. Basi kabla hamjaridhia kugawa kiwanja chochote, daini ramani ya maji isomwe hadharani, na penye njia ya maji pasigawiwe mtu.