Kemikali za Viwandani Katika Mabomba ya Majitaka: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wakazi wa Pugu

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, kisha hushuka kupitia Dar es Salaam hadi Bahari ya Hindi. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, nayo huelekea upande huohuo, na kandokando yake vimejengwa viwanda vingi vya jiji. Wakazi wengi wa Pugu hupata riziki humo: wengine ni mafundi wa mitambo, wengine vibarua wa usafi, na wengine huzibua chemba.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea kijana wa kazi hiyo ya mwisho. Alikuwa ameingia ndani ya chemba nyuma ya kiwanda kimoja, akaanguka ghafla na kutetemeka. Barua ya rufaa ilisema huenda ni kifafa. Tulipomvua nguo, sarafu zilidondoka kutoka mfukoni mwake, nazo zilikuwa zimegeuka nyeusi. Hapo ndipo tulipomgeukia mwenzake, aliyekuwa akikohoa pembeni, na kumwuliza walikuwa wapi. Swali hilo lilipaswa kuulizwa saa mbili kabla. Kijana aliokoka, lakini kumbukumbu yake haijarudi kama ilivyokuwa.

Kilichomwangusha ni gesi ya salfidi ya haidrojeni. Gesi hii huzalishwa na uchafu unaooza pasipo hewa, na huongezeka kwa ghafla asidi inapokutana na maji yenye salfidi, kama yale yanayotoka kwenye viwanda vya ngozi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya chemba. Kwa kiasi kidogo hunuka kama yai viza. Kwa kiasi kikubwa hupooza neva za kunusa, na mtu hudhani hatari imepita. Asidi ikikutana na saianidi hutoa gesi nyingine inayoua kwa dakika chache; ikikutana na dawa ya kung'arisha nguo hutoa klorini. Bomba la majitaka ni chungu kimoja kinachopokea mapishi ya majirani wasiojuana.

Mwaka 1977, katika jiji la Louisville nchini Marekani, kemikali za kutengenezea viuatilifu zilimwagwa kwa siri katika mfumo wa majitaka. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mtambo wa kutibu majitaka waliohojiwa walilalamikia macho kuwasha, na wengi kichwa kuuma na koo kuwasha, mtambo ukafungwa. Huko Guadalajara, Mexico, petroli ilivuja ndani ya mabomba ya majitaka. Wakazi walilalamikia harufu kabla ya mitaa kulipuka tarehe 22 Aprili 1992 na kuua watu zaidi ya 200. Kwa hiyo mgonjwa anayesema choo chake kinanuka petroli au rangi asipuuzwe. Anatoa taarifa ya afya ya jamii.

Hapa kwetu majitaka mengi hutibiwa katika mabwawa, kama yale ya Vingunguti, ambako kazi hufanywa na bakteria, mwani na jua. Kemikali kali ikiingia kwa mkupuo huua viumbe hao, na kwa muda maji hutoka karibu kama yalivyoingia. Risasi na kromiamu, kwa upande wao, haziozi kabisa. Hutuama kwenye tope, au hufuata maji hadi mtoni, ambako kandokando hulimwa mchicha. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi metali. Kuosha mboga huondoa udongo, si kile kilichokwisha kufyonzwa na mmea. Hatari haiishii kwa walioungwa na bomba: kaya zenye makaro na vyoo vya shimo hutegemea magari ya kunyonya, na gari lililobeba taka za kiwandani humwaga sumu ileile katika mabwawa yaleyale.

Mtu akianguka ndani ya chemba, usimfuate. Waokoaji wasio na vifaa vya kupumulia mara nyingi huwa maiti ya pili na ya tatu. Zuia watu, zima moto na sigara, piga simu Zimamoto 114. Kituoni, mpeleke kwenye hewa safi, mvue nguo ukiwa umevaa glavu, osha ngozi na macho kwa maji mengi kwa dakika 15 hadi 20, mpe oksijeni. Akihitaji kusaidiwa kupumua, tumia mfuko na barakoa, si mdomo kwa mdomo. Usimtapishe, wala usijaribu kupooza asidi kwa magadi juu ya ngozi. Aliyevuta klorini aangaliwe hadi saa 24, kwani mapafu huweza kujaa maji baadaye, mgonjwa akiwa tayari ameanza kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Viwandani, kosa ninalosikia likirudiwa ni kufungua mpira wa maji na kusukumia kila kitu kwenye mfereji. Iliyomwagika izuiwe pale ilipo: funika mfereji, zungushia mchanga mkavu, zoa kwenye chombo chenye kifuniko. Maranda ya mbao yasitumike kwa asidi ya naitriki. Huweza kuwaka moto. Mapipa yakae ndani ya kizuizi cha ukuta mfupi, asidi mbali na saianidi na salfidi. Ikiwa kemikali imekwisha kuingia bombani, DAWASA na NEMC wajulishwe saa hiyohiyo, ili mtiririko uzuiwe kabla haujafika mabwawani. Anayeficha kwa kuogopa faini humwachia mzibuaji wa chemba deni lake.

Katika daftari la wagonjwa wa nje, karibu na safu ya umri na mtaa, ongezeni mambo matatu: kazi ya mgonjwa, alichonusa au kushika siku hiyo, na kama kuna mwenzake anayeumwa. Wagonjwa wawili wenye jibu moja wanatosha kumpigia simu afisa afya wa kata.