Hofu ya Kutengana: Kovu la Utotoni na Wajibu wa Mwalimu

Mwenye kovu usidhani kapoa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi uchungu wa mtoto aliyetenganishwa na mlezi wake unavyoweza kumfuata hadi utu uzima, na yampasayo mwalimu anayempokea mtoto huyo shuleni.

1. Maana ya hofu hii

Mtoto anayekaribia mwaka mmoja hulia mama yake anapotoka. Kilio hicho si ugonjwa wala kudeka, bali ni dalili kwamba amekwisha kumtambua mlezi wake. Mary Ainsworth alilichunguza jambo hili nchini Uganda mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye imani na mama yake huenda kucheza, hurudi kumgusa, kisha huondoka tena. Mama ni bandari: chombo huthubutu kwenda mbali kikijua pa kurejea. Mtoto asiye na hakika hung'ang'ania nguo ya mama, na hachezi.

2. Jeraha linavyotokea

Kutengana kwa muda mfupi hakumdhuru mtoto. Linalojeruhi ni tengano la ghafla, la muda mrefu, lisiloelezwa. Mnamo Septemba 1939 Uingereza iliwahamisha zaidi ya watoto wa shule 800,000 kutoka mijini kwa kuhofia mabomu. Mwaka huo huo Daktari John Bowlby na wenzake wawili walionya juu ya hatari ya kuwatenga watoto wa chini ya miaka mitano na mama zao. Anna Freud na Dorothy Burlingham, waliowatunza watoto wa vita jijini London, waliona kuwa kuvunjika kwa familia kuliwatikisa watoto kuliko mabomu yenyewe.

Baadaye James Robertson aliwatazama watoto waliolazwa hospitalini peke yao, akabainisha hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga kwa kilio. Pili hukata tamaa, akanyamaza. Tatu hujitenga: hula, hucheza, humchekea kila mtu, lakini mama akija humgeuzia uso. Hapa ndipo walimu wengi tunapokosea. Tunasema, "Amezoea," kumbe ameacha kutumaini.

3. Utu uzimani

Katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya kutengana, Bowlby alieleza kwamba mtoto hujijengea picha ya watu kutokana na aliyotendewa. Aliyeachwa bila kuagwa aweza kukua akiamini kuwa apendwaye huondoka. Mtu mzima wa namna hiyo huenda asipate usingizi mwenzake akisafiri, akakataa kazi ya mbali, au akashindwa kumwachia mwanawe aende shule. Mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliondoa sharti kwamba maradhi haya lazima yaanze kabla ya umri wa miaka 18.

Hata hivyo tusihukumu. Si kila aliyetengwa hupatwa na hofu hiyo, wala si kila mwenye hofu alitengwa. Tena picha ya kwanza yaweza kurekebishwa na mtu mwaminifu, naye huenda akawa mwalimu.

4. Yampasayo mwalimu

(a) Usimshauri mzazi atoroke mtoto akiwa amegeuka. Mzazi na aage, hata kama mtoto atalia.

(b) Taja wakati wa kurudi kwa mambo anayoyajua mtoto: "Baada ya uji, na baada ya kengele ya mwisho." Ahadi hiyo itimizwe.

(c) Usimtishe kamwe kwa kusema, "Mama yako hatarudi."

(d) Mwangalie anayenyamaza kama unavyomwangalia anayelia.

(e) Nawe mwanachuo, mazoezi yako ya kufundisha yana mwisho. Waambie watoto mapema siku utakayoondoka, na uwaage. Usiwe mtu mwingine aliyetoweka.

Maswali ya kujadili

1. Mtoto wa darasa la kwanza alilia siku tatu. Siku ya nne amenyamaza na hamtazami mtu. Utajuaje kama amezoea au amekata tamaa?

2. Kumbuka siku yako ya kwanza shuleni. Nani alikuaga, na kwa maneno gani?