Povu la Sabuni Si Kipimo cha Maji Salama

Ndugu msomaji, je, umewahi kufua kwa maji ambayo sabuni inakataa kutoa povu? Unasugua na kusugua, mwishowe ndoo inabaki na utando mweupe unaonata. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Leo tutajifunza habari zake kwa mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wengi wetu wa vijijini hufika kununua bidhaa na kulala kwa ndugu zetu.

Kwanza tujue ugumu unatoka wapi. Maji ya mvua ni laini. Yakizama ardhini na kupita kwenye mawe ya chokaa, huyeyusha madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, nayo ndiyo yanayozuia povu. Pwani ya Dar es Salaam ina mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Kwa hiyo visima vingi vya jijini hutoa maji magumu, na vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi pia. Maji ya bomba ni mengine. Hayo kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru kule Morogoro. Husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini, iliyojengwa mwaka 1976. Hapo matope hutuamishwa, maji huchujwa, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Kwa maji hayo povu hutoka bila taabu.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Shangazi yangu amepanga chumba katika nyumba ya zamani ya Kiswahili, karibu na Mtaa wa Sikukuu. Mwishoni mwa mwaka 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame na jiji likawa na mgao wa maji, nilikwenda kumtembelea. Uani nilikuta mapipa mawili, moja la maji ya kisima cha jirani na jingine la maji ya bomba yaliyonunuliwa kwa madumu kutoka kwa msukuma mkokoteni.

Baada ya kumwamkia nikaomba maji ya kunywa. Akanichotea ya bomba, hayajachemshwa. Nikamwuliza, "Shangazi, siku hizi huchemshi?" Akaleta birika lake na kunionyesha ndani, lilivyoganda gamba jeupe. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa nachemsha ya kisima, moto ukatoa sumu hii. Nikaacha kuchemsha. Haya ya bomba ni matamu, yana povu, hayana neno."

Mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amelala mkekani. Alikuwa anaharisha tangu jana yake. Macho yameingia ndani, na nilipofinya ngozi ya tumbo ilirudi polepole. Hapo sikuendelea na mazungumzo ya birika.

Tulimpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko huku tukimpeleka kituo cha afya. Alipona. Lakini njia nzima nilifikiri kwamba gamba lile lisilo na madhara ndilo lililomfanya shangazi aache kuchemsha.

Gamba hilo si sumu. Ni ile chokaa iliyokuwa imeyeyuka; maji yakipata moto hujitenga na kuganda. Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango cha ugumu wa maji kwa sababu ya afya, maana kalsiamu na magnesiamu mwili unazihitaji. Hasara yake ni ya mfuko: sabuni nyingi, na mkaa zaidi kwa birika lenye gamba nene. Liondoe kwa kuchemsha maji yenye maji ya ndimu, uyaache kwa saa chache, kisha usugue. Chumvi ni shauri jingine. Mgonjwa wa shinikizo la damu asifanye maji ya kisima yenye chumvi kuwa kinywaji chake cha kila siku.

Maji ya bomba nayo yanaweza kutoka mtamboni yakiwa safi na yakafika kwako machafu. Wakati wa mgao bomba huwa tupu. Penye ufa, maji ya mtaroni huvutwa ndani. Maji yakirudi huja na uchafu huo. Halafu kuna dumu lisilooshwa, pipa lisilo na mfuniko, na kikombe kinachozamishwa na mkono wa kila apitaye. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani kilisambazwa na vijidudu ambavyo jicho halivioni wala ulimi hauvionji. Kisima nacho usikiamini kwa sababu maji yake yanang'aa, hasa pale nyumba zilipobanana na mashimo ya vyoo yako hatua chache tu.

Basi chemsha maji ya kunywa, ya bomba na ya kisima, mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Asiye na mkaa wa kutosha atumie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Harufu yake kidogo isikutishe. Hifadhi katika chombo chenye mfuniko, uchote kwa kata yenye mpini mrefu.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Kama hakuna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, si vya kujaza. Endelea kumnyonyesha. Akiwa mlegevu, macho yameingia au hawezi kunywa, mpeleke kituoni mara moja.

Maswali ya kujadiliana darasani: Sabuni hutoa povu jingi katika maji gani ya kijiji chenu? Je, maji hayo ndiyo mnayokunywa bila kuchemsha? Choo cha karibu kiko hatua ngapi kutoka kisimani? Nendeni mkapime.