Msimamizi wa Mirathi na Dai la Damu Ugenini

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ndugu zetu wa pwani wametuuliza mas'ala haya: mtu wetu akisafiri bara, akafa kwa kosa la mwingine, ni nani wa kudai, adai wapi, na fedha itokayo ni ya nani?

Wala usidhani kuwa jambo hili ni la nadra. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika Mkoa wa Dodoma, garimoshi la abiria lililotoka Dar es Salaam lilishindwa na mlima, likarudi nyuma kwa kasi hata likagongana na gari la mizigo. Walikufa watu 281.

Jua, ewe ndugu, ya kuwa dai la mali ya maiti hulidai msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Udugu peke yake hautoshi. Kwa Mwislamu, mahakama ya mwanzo yaweza kumthibitisha, nayo ni ile ya mahali maiti alipokuwa akikaa, siyo alipofia. Basi mtu wa Pangani akifia Dodoma, msimamizi wake huthibitishwa Pangani. Ama kesi yenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura 33, yampa mdai hiari: ashitaki palipotokea dhara, au anapokaa mdaiwa au anapofanyia kazi zake. Nyumbani kwa mdai hapamo. Kwa hiyo hana budi kufunga safari na hati yake mkononi, wala asikawie, maana dai la madhara lina ukomo wa miaka 3. Na mtu wa Unguja, ambako mahakama ni mbali na za Bara, amwulize wakili kwanza kabla hajapanda boti.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko watu huangamia. Sheria ya Sura 310 yajua madai mawili. Moja ni la wale waliokuwa wakilishwa na maiti, na hakimu humkadiria kila mmoja fungu lake. Msimamizi hana ruhusa ya kulichanganya. La pili hurudi katika mali ya maiti, nalo ni tirka: hulipwa deni, kisha wasia, kisha faraidhi. Na katika madhehebu yetu diya nayo ni tirka.

Alinijia mtu mmoja baada ya Isha, amerudi Dodoma na fedha ya mirathi ya nduguye. Akasema, "Sheikh, mimi ndiye niliyelala stesheni, mimi niliyekula vumbi. Mjane alikuwa ndani na eda yake. Yeye ana nini humu?" Tukaandika nauli yake na chakula chake, hakikuwa kitu kikubwa. Nikamwambia, hicho ni haki yako, kilichobaki ni amana.

Kisha nikamhadithia habari waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Sayyidna Umar alikuwa akisema kuwa diya ni ya ukoo, mke hapati kitu katika diya ya mumewe, hata Dhahhak bin Sufyan akampasha habari ya kuwa Mtume (s.a.w.) alimwandikia, naye yuko mbali kwa mabedui, amrithishe mke wa Ashyam katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake.

Yule mtu akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza thumuni ya mjane mwenye watoto ni kiasi gani, tukavuta taa tukahesabu.